Kipanga kwenye mwembe wa uani: maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu kupiga picha ndege wawindaji Dar es Salaam

Nakaa Kimara, nyumba ya kawaida: ukuta wa tofali, geti la bati, mwembe mmoja, tangi la maji juu ya mnara wa zege. Chini ya mwembe nina beseni la maji na sahani mbili za nafaka kwa ajili ya shomoro na wenzao. Kipanga hakualikwa, alikuja mwenyewe, na tangu alipokuja sijapumzika. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa na watu walioona picha zangu, na majibu yake kama ninavyoyajua mimi.

Kwani Dar kuna kipanga? Si wote ni mwewe?

Hapa mjini kila ndege mwenye mdomo uliopinda anaitwa mwewe, hasa akiwa amebeba kifaranga cha mtu. Lakini mwewe halisi, yule wa rangi ya kahawia mwenye mdomo wa njano na mkia uliogawanyika kama wa samaki, si mwindaji wa uani kwa maana ninayoizungumzia hapa. Yeye ni mzururaji wa angani. Anapita juu, anaona utumbo wa samaki au kifaranga kilichoachana na mama yake, anashuka, ananyakua, na mara nyingi anakula hukohuko hewani huku kashika kwa kucha.

Kipanga ni mwingine kabisa. Ana mabawa mafupi ya duara na mkia mrefu, umbo la ndege anayepita katikati ya matawi bila kugonga. Haonekani juu. Anakaa ndani ya mwembe, kimya, na ukimwona ujue yeye alikuona zamani.

Nitamtambuaje aliyekuja?

Anza na macho, mkia na koo. Ukubwa unadanganya, maana kwa ndege hawa jike ni mkubwa kuliko dume, wakati mwingine kwa kiasi cha kukufanya udhani ni aina mbili tofauti.

Aliye mdogo kuliko wote ni yule ambaye vitabu vingi vinamwita, kwa jina la kisayansi, Accipiter minullus. Urefu wake ni kama sentimita 23 hadi 27, hamzidi tetere. Jicho la njano, mgongo wa kijivu iliyokolea, kiuno cheupe, na juu ya mkia mweusi ana madoa mawili meupe. Akiruka kukukimbia, hayo madoa ndiyo utakayobaki nayo, kwa hiyo usiifute picha ya mgongo hata kama umeona haina maana.

Shikra (Accipiter badius) ni mkubwa kidogo, wa kijivu cha kupauka, kifuani ana mistari myembamba ya rangi ya udongo mwekundu. Dume ana jicho jekundu. Kiunoni hana weupe. Huyu anapenda mijusi na panzi kama anavyopenda ndege, kwa hiyo ukimwona anaangalia chini ya ukuta badala ya sahani ya mtama, usishangae.

Wa tatu ni Accipiter tachiro, mzito zaidi, jicho la njano lakini ile ngozi ya juu ya mdomo ni ya kijivu, si ya njano. Anapenda kwenye miti mingi. Alfajiri hupanda juu sana na kuzunguka huku akitoa sauti fupi kali moja, ananyamaza sekunde chache, anarudia. Watu wengi wa pembezoni mwa jiji wameisikia maisha yao yote wasijue ni nani.

Halafu kuna Kaupifalco monogrammicus, mnene, mtulivu, mwenye mstari mmoja mweusi uliosimama katikati ya koo jeupe, kama mtu aliyevaa tai. Huyo anatafuta mijusi na wadudu wakubwa, na ndiye rafiki wa mpiga picha anayeanza: anakaa juu ya nguzo ya umeme hata dakika ishirini.

Nimemwacha wa mwisho makusudi. Ukiwa na mnazi wenye viota vya minana, siku moja utaona ndege mkubwa wa kijivu, uso mtupu wa njano, ananing'inia kichwa chini kwenye kuti huku kaingiza mguu mzima ndani ya kiota. Ni Polyboroides typus. Kiungo cha mguu wake kinapinda mbele na nyuma, ndiyo maana anaweza kuchokonoa tundu ambalo mwingine angeshindwa. Akipandwa na hisia ule uso wa njano unageuka mwekundu. Mimi nilimpata mara moja tu, kwa mnazi wa jirani, na picha saba kati ya kumi zina kuti mbele ya uso wake. Bado zinaniuma.

Ndege wadogo nawavutaje? Nimeweka mchele wiki nzima, wamekuja kunguru tu.

Maji kwanza. Kuanzia Juni mpaka Septemba, kabla ya vuli, beseni la maji lenye kina cha vidole viwili linawaleta hata wale ambao hawagusi nafaka: shore na chozi. Weka jiwe katikati ili wadogo wapate pa kusimama. Badilisha maji kila siku. Hilo si la usafi tu; mbu anayeeneza dengi anazaliana kwenye maji safi yaliyotuama, na mji huu ulishaonja dengi mwaka 2014 na tena 2019. Usiwaletee majirani ugonjwa kwa ajili ya picha.

Nafaka: mtama, uwele, chenga za mchele. Kidogo kidogo, kiasi kitakachokwisha asubuhi hiyo. Wali wa jana, mkate na mabaki ya samaki ndivyo vinavyoita kunguru. Sahani ioshwe, maana njiwa wana vimelea vya kinywani na kooni wanavyoambukizana wakila pamoja, na kipanga akimla njiwa huyo anavipata naye.

Weka yote hayo mita mbili au tatu kutoka kwenye kichaka au ua la michongoma. Wadogo wapate pa kukimbilia. Sahani iliyo katikati ya uwanja mtupu ni machinjio.

Si ndiyo nawategea shomoro wangu wauawe?

Swali zuri, na wifi yangu huliuliza kila akija. Kipanga lazima ale, na asipokula kwako atakula kwa mwingine. Anakosa mara nyingi kuliko anavyopata. Ila kama unaona anarudi kila siku na kufanya uwanja wako kuwa bucha, ondoa nafaka kwa wiki moja au mbili. Ndege watatawanyika, naye atahama. Maji unaweza kuyaacha.

Mimi nimeshafanya hivyo mara mbili. Ile ya pili nilikuwa nimemkasirikia kabisa, nakiri, kwa sababu ya tetere mmoja aliyekuwa amenizoea.

Nitajuaje kwamba yupo? Kila nikishika kamera ameshaondoka.

Hapa ndipo penye kazi yote, na ndipo watu wanapopuuza kwa sababu wanadhani shida yao ni lenzi.

Huwezi kumtafuta kipanga. Unawasikiliza wengine. Dar tumepewa kengele ya bure ambayo tunaitukana kila siku: kunguru. Wale weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 na kuvuka mpaka bara, ni waharibifu na wanakula mayai na makinda ya ndege wetu, hilo halina ubishi. Lakini hawamvumilii ndege mwindaji hata dakika moja. Wakimwona wanakusanyika, wanashuka juu ya mti mmoja kwa zamu, na sauti yao inabadilika. Kelele ya kunguru wanaogombea jalala ni ya kuchanganyikana, kila mmoja na lake. Kelele ya kumfukuza mwindaji ni ya haraka, kavu, na wote wanaelekea upande mmoja. Ukishaijua huwezi kuisahau. Mimi siku hizi naweza kuwa jikoni nakoroga uji nikajua.

Angalia wanaelekea wapi, si wao wenyewe. Katikati ya duara lao, kwenye tawi lenye kivuli, yupo. Na ukiona wanamzonga angani, subiri: mara nyingi atashuka kwenye mti wenye majani mengi ili wamwache.

Alama ya pili ni kimya. Shomoro hawanyamazi. Uani kwenye shomoro thelathini kuna zogo kama la watoto wa darasa la kwanza, na ghafla zogo likikatika wote kwa pamoja, kuna jambo. Wengine wanaganda kama mawe palepale walipo. Usitoke nje wakati huo! Kosa langu la mwaka mzima lilikuwa hilo, kufungua mlango nione kuna nini. Sasa nabaki nilipo, nainua kamera polepole, naangalia tawi la tatu la mwembe upande wa choo cha nje, maana ndipo anapopenda.

Ndiyo, ana tawi lake. Kila kipanga anayerudi ana pa kukaa na ana njia ya kuingilia. Wa kwangu anakuja chini chini, nyuma ya ukuta wa jirani, anauruka ukuta dakika ya mwisho na kuibukia juu ya beseni. Andika kwenye daftari: tarehe, saa, alitokea wapi, alikaa wapi. Baada ya mwezi daftari litakuwa limekusaidia kuliko lenzi ya mamilioni.

Saa ngapi na miezi gani?

Asubuhi tangu jua linapochomoza mpaka saa 3, halafu kuanzia saa 10 jioni. Mchana kati mwanga wa Dar unatoka utosini, na kwenye Machi na Oktoba jua linapita karibu kabisa juu ya vichwa vyetu: ndege anakuwa na kivuli cheusi usoni na huwezi kufanya lolote.

Kuanzia Oktoba hadi Aprili wapo pia wageni kutoka Ulaya na Asia wanaokimbia baridi ya kwao, kwa hiyo macho yawe wazi. Masika kuna mawingu na mvua, lakini baada ya mvua kubwa, jua likitoka, kipanga aliyelowa hujianika juu kabisa ya mti akiwa ametandaza mabawa. Niliyoipenda kuliko zote niliipiga siku ya namna hiyo mwezi wa nne, barabara yetu ikiwa tope tupu.

Kamera gani? Simu haitoshi?

Simu peke yake haitoshi, labda akija kukalia dirisha lako. Ukiwa na darubini ya macho mawili, weka kamera ya simu kwenye tundu moja la darubini, uifunge kwa lastiki au uishike kwa utulivu. Kwa ndege aliyetulia inatoa picha ya kumtambulisha kabisa.

Kwa kamera, lenzi ya milimita 300 inatosha uani kwa sababu uani si Serengeti. Mita kumi, kumi na tano. Ya 100-400 au 150-600 ni raha zaidi ila ni nzito na bei yake utaijutia. Za mtumba zipo Kariakoo. Kabla hujalipa, mulika tochi ndani ya lenzi utazame kama kuna utando wa ukungu kama nyuzi za buibui.

Nyumba yangu ina nondo na wavu wa mbu kila dirisha. Napigaje?

Karibu kwenye chama. Nondo si tatizo: sogeza lenzi karibu kabisa nazo, fungua tundu la lenzi mpaka mwisho (f/5.6 au chini ya hapo), na nondo itayeyuka isionekane. Kama lenzi inapita katikati ya nondo mbili, bora zaidi.

Wavu ndio adui. Unakula mwanga na unafanya picha iwe kama imepigwa kupitia maziwa. Nilikata tundu la duara kwenye wavu wa stoo, nikashonea mguu wa suruali ya jinzi kuukuu wenye lastiki mwishoni. Lenzi inaingia, lastiki inaibana, mbu hawapiti. Fundi cherehani aliyenishonea alinitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu.

Kioo cha kuteleza: fungua, usipige kupitia kioo kama unaweza kuepuka. Chumba kiwe giza, usivae shati jeupe, na kamera iwekwe iwe bila sauti.

Mipangilio je?

Aliyetua: kasi ya shata 1/500 ya sekunde. Anayeruka: 1/2000 au zaidi. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iachie kamera ichague yenyewe, mpe kikomo cha 3200 au 6400 kulingana na kamera yako. Chini ya mwembe kuna giza kuliko unavyodhani, na picha yenye chengachenga ni bora kuliko iliyotikisika. Fokasi iwe ya kufuatilia kwa anayeruka, na ya nukta moja kwa aliye ndani ya majani, vinginevyo kamera itachagua jani. Daima jicho. Jicho lisipokuwa kali, mengine hayasaidii.

Picha zangu zote ndege ni mweusi tii.

Umempiga dhidi ya anga jeupe, na kamera imeogopa mwanga. Ongeza mwanga kwa hatua moja, hata moja na nusu. Anga litaungua kidogo, liache liungue. Na piga faili za RAW (picha ghafi ambazo kamera haijazichakata) ili uweze kuokoa kivuli baadaye. Suluhisho la kweli, hata hivyo, ni kuhamisha beseni ili asubuhi jua liwe mgongoni kwako na nyuma ya ndege kuwe na majani au ukuta badala ya anga.

Amekamata njiwa na anamla chini pale pale. Niende kumwokoa?

Usiende. Njiwa hatapona, na ukimfukuza kipanga utakuwa umewakosesha wote wawili: mmoja amekufa bure, mwingine atalazimika kuua tena. Kaa ulipo. Atafunika mawindo kwa mabawa, ataangaza huku na huku, kisha ataanza kunyonyoa manyoya. Akianza kunyonyoa ametulia, na una muda mrefu. Lala chini kama unaweza, piga usawa wa jicho lake. Funga mbwa. Paka pia.

Naweza kumtundikia kifaranga au kumwekea nyama?

Hapana. Kifaranga hai ni ukatili, nyama itakuletea kunguru na mwewe wote wa wilaya, na ndege aliyezoea mkono wa mtu ataishia kwenye manati ya mtoto au kwenye tundu la mtu anayetaka kumfuga. Kukamata na kufuga ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Sauti za kurekodi kwenye simu ili kumwita nazo sizipendi, hasa wakati wa kutaga.

Nimesoma ushauri mwingi wa Wamarekani. Unafaa?

Nusu yake. Wao wanamzungumzia Cooper's hawk, ambaye hapa hayupo, na theluji, ambayo Kimara haijawahi kuanguka. Lakini tabia ya kuvizia, kuondoa chakula kwa muda, kuacha kichaka karibu, hayo yanafanana kwa sababu hao ni ndugu wa hawa wetu.

Jirani anadhani nampiga picha yeye.

Na ana haki ya kudhani. Lenzi ndefu inayochungulia juu ya ukuta wa mtu haielezeki yenyewe. Nenda kabla hajaja: bisha hodi, salimia, onyesha picha kwenye simu. "Shikamoo mama, mimi hapa jirani yako, kuna ndege anakaa kwenye mnazi wako." Mama wa mnazi ule niliousema sasa ananipigia simu yeye. Mjulishe na mjumbe, na mwenyekiti wa mtaa ukiweza. Usielekeze lenzi kwenye kambi, kituo cha polisi wala jengo lolote la serikali, hata kipanga akikalia antena yake.

Droni?

Acha. Inataka kibali, inatisha ndege, na mwewe anaweza kuivamia.

Nifanyie wapi mazoezi ya ndege anayeruka?

Feri, soko la samaki pale Kivukoni, asubuhi boti zikishusha. Mwewe wanapita juu ya vichwa vya watu, wanageuza mkia kama usukani, wanadokoa mabaki majini. Saa moja pale ni sawa na miezi mitatu uani. Omba ruhusa kwa watu kabla ya kuwapiga, funga mkanda wa kamera mkononi, na kumbuka Ikulu iko jirani: lenzi ibaki upande wa bahari.

Lenzi yangu imeota ukungu.

Unyevu wa pwani. Usiiache kwenye begi la kitambaa. Tafuta ndoo au kontena la plastiki linalofunga vizuri, tupia ndani vile vipakiti vya chembechembe za kukausha unyevu, vibadilishe vikichoka. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa, la sivyo kioo kitatoka jasho wakati kipanga yupo. Ukitoka baharini, ifute chumvi siku hiyohiyo.

Ndege amegonga dirisha langu la kioo cha giza.

Aliona miti ndani ya kioo. Mweke kwenye boksi lenye matundu, mahali penye giza na utulivu, usimpe maji wala chakula. Wengi huamka ndani ya saa moja au mbili, mfungulie nje. Akiwa amevunjika, mtafute daktari wa mifugo au afisa wanyamapori wa halmashauri yako. Kisha sogeza sahani: iwe karibu sana na kioo, chini ya mita moja, au mbali kabisa, mita kumi. Umbali wa kati ndio unaoua, kwa sababu ndege anakuwa ameshapata kasi.

Panya wananisumbua kwa sababu ya nafaka. Niweke sumu?

Tafadhali usiweke. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Anayumba mchana kweupe, na anayemwona wa kwanza ni mwewe, bundi au paka wa mtu. Tumia mtego wa kubana, na usiache nafaka usiku.

Nikipata picha nzuri, niipeleke wapi?

Pakia eBird au iNaturalist, mitandao ambako watu hurekodi ndege na viumbe wengine waliowaona, pamoja na tarehe na eneo. Ndege wa uani mwa Dar wanaopigwa picha vizuri ni wachache, na hata picha mbaya yenye yale madoa mawili ya mkia ni ushahidi. Ila kiota usikitaje mahali kilipo, wala kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Wa kwangu ameanza kubeba vijiti tangu Jumanne. Ukiniuliza anavipeleka wapi nitakwambia sijui.